Seti ya silinda kubwa kwenye pikipiki ya theluji ya mlimani: vyuma vizuri, ila pima kila kitu mwenyewe

Nimekaa na hii seti msimu mzima, kilomita 1,100 na ushee, kwa hiyo sasa naona naweza kuongea. Wengi huwa wanaandika siku ileile waliyofunga, injini ikishanguruma tu basi nyota tano, mi nikasema ngoja kwanza, maana injini ya mipigo miwili inaweza kuwaka vizuri leo na wiki ijayo ikanoki ukiwa chini ya bonde na theluji imekufika kifuani. Jina la kampuni naliacha. Kuna lawama humu ndani, tumeshazimaliza mimi na wao, na isitoshe karibu kila nitakachosema kinahusu seti yoyote ya aina hii, iwe imetoka kwa nani.

Injini yangu ni ya silinda mbili, cc 795, pistoni za milimita 85 na safari (umbali pistoni inaopanda na kushuka) ya milimita 70. Seti inakuja na silinda mpya zilizopakwa nikasili (utando mgumu wa nikeli), pistoni za kufuliwa, yaani za kugongwa si za kumiminwa, za milimita 88, ringi, pini, klipu, beringi za pini, hedi mpya yenye vyumba vilivyochongwa upya, gasketi na oringi zote, na kiboksi cha kuongeza mafuta kinachochomekwa kati ya kompyuta ya injini na nozeli. Piga hesabu, 88 badala ya 85 inakupa cc 851 hivi, ongezeko la asilimia 7 tu. Watengenezaji wenyewe walipotaka kutoka 800 kwenda 850 hawakupanua kipenyo, walirefusha safari ya pistoni: Rotax (injini za Ski-Doo) ya 800R ilikuwa 82 kwa 75.7, ya 850 ni 82 ileile kwa 80.4, Polaris nao wakatoka 85 kwa 70 wakaenda 85 kwa 74. Sisi wa kufunga wenyewe hatuwezi hiyo njia kirahisi maana kurefusha safari ni kubadili kranki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, na ukigusa kranki umeshapasua injini nzima. Ndo maana hizi seti zinapanua kipenyo, kranki inabaki mahali pake na wewe unafungua kuanzia juu tu.

Sasa kabla hujatoa hela yako elewa kitu kimoja ambacho tangazo halisemi. Mlimani injini inakosa hewa. Ukifika mita 3,000 presha ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini) inapoteza nguvu karibu kwa kiwango hichohicho. Hii seti hairudishi hewa iliyopotea. Inachofanya ni kukupa asilimia kadhaa juu ya kile kilichobaki, na hedi yenye kompresheni kubwa inaongeza kidogo tena. Anayetaka nguvu zisipungue akipanda juu huyo anatafuta tabo, na siku hizi zipo za kiwandani kabisa, Ski-Doo walitoa ya kwao kwenye modeli ya mwaka 2020 wakasema inashikilia hosipawa 165 mpaka futi 8,000, yaani mita kama 2,400. Mi sikutaka tabo kwa sababu silinda zangu za zamani tayari zilikuwa na mikwaruzo upande wa ekzosi, nilikuwa nanunua silinda na pistoni mpya vyovyote iwavyo, na tofauti kati ya kurudisha za saizi ya kawaida na kuchukua kubwa haikuwa ya kuninyima usingizi. Kama injini yako ni nzima kabisa na haina shida, kwa maoni yangu usiifungue kwa ajili ya asilimia 7.

Boksi lilifika limefungwa vizuri, kila silinda kwenye povu lake, pistoni kwenye karatasi ya mafuta. Uchongaji wa hedi ni msafi sana, nilikaa nao mkononi nikiugeuzageuza kwenye mwanga, mistari ya kuhoni, yaani ya kusuguliwa kwa jiwe, ndani ya silinda iko sawasawa juu mpaka chini, hakuna mahali imelala. Nasema hivi kwa moyo wote, aliyekaa kwenye ile mashine ni fundi kwelikweli. Halafu nikafungua karatasi ya maelezo. Kurasa mbili. Toki ya bolti (nguvu ya kukazia) ipo, mshale wa pistoni uelekee ekzosi ipo, pengo la ringi ipo kwa mstari mmoja, na kuhusu skwishi, yaani nafasi inayobaki kati ya ukingo wa pistoni na hedi pistoni ikiwa juu kabisa, hakuna hata neno. Kwenye injini hii hicho ndo kipimo kinachoamua kama pistoni itaishi au itatoboka, sasa unakiachaje?

Kufungua ya zamani sielezi sana, ni kazi ya kila mtu aliyewahi kushika spana: toa kiti, toa plastiki za pembeni, mwaga kulanti, toa ekzosi, toa hedi, nyanyua silinda. Kitu nilichokifanya kwa utulivu ni kuangalia kranki. Shika koni rodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, isukume juu chini ikiwa wima, isiwe na mchezo hata kidogo, ya pembeni kidogo inaruhusiwa kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Zungusha taratibu usikilize beringi. Ukiona mchezo acha hapohapo, kufunga silinda mpya na pistoni nzito kidogo juu ya kranki iliyochoka ni kununua hasara mbili kwa siku moja. Yangu ilikuwa nzima. Nikajaza matambara safi kwenye mashimo ya chini kabla sijagusa klipu yoyote, maana klipu ya pini ikiruka ikaingia kwenye kranki kesi jioni yako imekwisha.

Basi hapo ndo nikaanza kupima, na hapo ndo hadithi yenyewe.

Ringi kwanza. Unaingiza ringi peke yake kwenye silinda, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae wima, unapima pengo kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi. Karatasi yao inasema lisipungue 0.40 mm. Ringi mbili zilikuwa 0.42, sawa. Mbili nyingine 0.28. Nikarudia mara tatu, nikabadilisha silinda, nikazipima upya asubuhi yake gereji ikiwa na joto la kawaida, 0.28 ileile. Kwa asiyejua, ringi ikipata moto inarefuka, pengo likiwa dogo ncha mbili zinagusana, ringi haina pa kwenda inajibana kwenye ukuta wa silinda na kuuchana, na nikasili ikishachanika haina kurekebisha gereji, unarudi kununua silinda. Nikawaandikia. Siku tatu baadaye jibu likaja fupi, kwamba kila kilichomo kwenye boksi kiko tayari kufungwa. Hilo jibu liliniudhi na bado linaniudhi, maana mtu mwingine angeliamini akafunga. Nikawatumia picha za fila geji ikiwa imekwama, hapo wakabadilika, wakaomba radhi na wakatuma ringi mpya bila kunidai chochote. Zilipofika zilikuwa 0.41 na 0.43. Nimewapa heshima yao kwa hilo. Ila mambo yangekuwaje kama nisingepima?

Ukilazimika kusaga mwenyewe inawezekana, ila ringi za mipigo miwili ncha zake zimekatwa umbo la kukumbatia pini ndogo iliyoko kwenye mfereji wa pistoni, kwa hiyo unasaga kwa uangalifu umbo lisipotee, faili inakwenda kuelekea ndani tu, na unamalizia kwa kuondoa vinyuzi vya chuma pembeni.

Pili, kingo za matundu ya silinda. Silinda ikishapakwa nikasili na kuhoniwa kingo za matundu ya hewa na ekzosi zinatakiwa zivunjwe makali, ringi isikwaruzwe ikipita. Pitisha kidole taratibu. Zangu zote zilikuwa laini isipokuwa ukingo mmoja wa juu wa tundu la kupitisha mchanganyiko wa hewa na mafuta silinda ya kushoto, ulikuwa unashika ukucha. Nikauondoa kwa jiwe laini kabisa, dakika kumi, nikaosha silinda kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kilipotoka cheupe. Huu uoshaji watu wanauruka. Vumbi la kuhoni ni msasa, likibaki humo linakula ringi zako kabla hazijakaa.

Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda niliipimia kwa maikromita na geji ya ndani niliyoazima kwa rafiki anayefanya kazi ya tanuu za chuma, pistoni unaipima chini kwenye sketi, upande uliosimama msalaba na pini. Ikatoka 0.13 zote mbili, sawasawa na karatasi. Kwa pistoni ya kumimina hiyo ingekuwa kubwa, lakini ya kufuliwa inatanuka zaidi ikipata moto kwa hiyo inataka nafasi zaidi, na hii ina matokeo yake barabarani nitayasema mbele.

Tatu ni valvu za ekzosi, zile zinazopanda na kushuka kubadilisha urefu wa tundu. Silinda ikipanuka ukuta umesogea, na ulimi wa valvu uliokuwa unaacha nafasi sasa unaweza kuchungulia ndani ya silinda. Nilifunga silinda kwa muda, nikashusha valvu kwa mkono mpaka mwisho, nikazungusha kranki pole pole kwa mkono nikisikiliza. Ya kulia safi. Ya kushoto nikasikia kitu kama karatasi inapita. Nikaitoa, nikaisaga kwa faili nikafuata mviringo uleule, nikaacha uwazi wa milimita 1 hivi kila upande. Karatasi yao inasema zimeshachongewa nafasi. Za kwangu moja ilikuwa imechongewa, moja bado.

Skwishi sasa. Chukua waya wa risasi ya kulehemu, weka vipande viwili juu ya pistoni kwenye mstari wa pini, kushoto na kulia, ili pistoni isiyumbe ikadanganya kipimo, shikiza kwa grisi kidogo, funga hedi kwa toki kamili na gasketi na oringi zile utakazotumia, zungusha kranki kwa mkono ipite juu, fungua, pima palipobonyea. Nilipata kati ya 1.36 na 1.42 mm pande zote nne, na kwa pistoni ya ukubwa huu mi nimeridhika nayo, iko kwenye eneo la 1.2 mpaka 1.5 ambalo watu wengi wanalitumia. Wakiiandika hiyo namba kwenye karatasi mteja anajua analenga nini, mstari mmoja tu.

Kufunga kwenyewe kulinichukua siku moja na nusu bila haraka. Mshale ekzosi, mdomo wa klipu juu au chini kabisa usiwe pembeni, ringi zikae kwenye pini zake kabla hujashusha silinda, usilazimishe, silinda inatakiwa iteremke kwa uzito wake na msaada kidogo wa vidole, ikigoma kuna ringi imetoka. Bolti za hedi kwa msalaba, awamu tatu. Baada ya hapo nikaziba ingizo la hewa na ekzosi, nikapampu presha ya 0.4 ba kwa pampu ya mkono nikaangalia geji. Ikashuka. Nikapaka maji ya sabuni, mapovu yakatoka kwenye mpira wa kuingizia hewa upande wa kulia, klampu haikukaa kwenye mfereji wake. Nikafunga upya, ikakaa dakika kumi haijasogea. Uvujaji wa hewa hapo unamaanisha mchanganyiko mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, mchanganyiko mkavu ni joto, na joto kwenye injini ya mipigo miwili linakula pistoni upande wa ekzosi. Nina uhakika mkubwa kwamba mikwaruzo ya silinda zangu za zamani ilianza na kitu kidogo kama hicho, mpira wa zamani ulikuwa na ufa.

Kuzoesha injini mpya: nikachanganya oili kidogo kwenye petroli ya tangi la kwanza juu ya ile inayopigwa na pampu, nikaiwasha ipate moto, nikazima ipoe kabisa, mara tatu. Halafu nikatoka, tangi la kwanza bila kuvuta mafuta mwisho kwa muda mrefu na bila kukaa kasi moja, panda shuka panda shuka. Angalia sana joto la kulanti. Hizi mashine hazina rejeta ya feni kama gari, zinapoozwa na theluji inayorushwa na treki (ule mkanda wa chini unaoisukuma mashine) kwenye mabapa ya chini ya kiti, kwa hiyo kwenye njia ngumu iliyoganda hakuna theluji inayoruka na injini inachemsha. Shusha zile fimbo za kukwangua barafu, ndo kazi yake.

Kuhusu kiboksi cha mafuta. Mpangilio waliotuma ulikuwa na mafuta mengi kupita kiasi, na kwa mwanzo ni bora hivyo kuliko kinyume, ila katikati ya kuvuta injini ilikuwa inabanwa, plagi zikitoka nyeusi na zimelowa. Nilipunguza kidogo kidogo, kila nikipunguza napanda mlima uleule, nazima ghafla nikiwa nimevuta, natoa plagi, naingiza kamera ndogo ya waya kuangalia kichwa cha pistoni. Unatafuta sehemu zilizooshwa safi karibu na matundu ya mchanganyiko. Zikiwa kubwa sana mafuta mengi, zikipotea kabisa umepunguza kupita mpaka, rudisha. Kumbuka hewa ya baridi ni nzito, kati ya sifuri na nyuzi 20 chini ya sifuri hewa inaongezeka uzito karibu asilimia 8, kwa hiyo usirekebishe siku ya joto mpaka ukingoni halafu uende nayo asubuhi ya baridi kali. Mi nimeacha akiba. Na hii hedi ya kompresheni kubwa inakubali mlimani kwa sababu hewa ni nyepesi, ukiishusha bondeni karibu na usawa wa bahari kwa petroli ya okteni ndogo itagonga, yaani mafuta yatalipuka ovyo ndani ya silinda. Petroli ya okteni 91 kwenda juu, na kama unaishi chini waombe hedi ya kompresheni ndogo, wanayo.

Kitu ambacho boksi halina na kinatakiwa kiwemo ni uzito wa klachi. Nawaambia wadau, nusu ya faida ya hii seti iko kwenye klachi. Klachi ya mbele inafanya kazi kwa mikono yenye uzito inayotupwa nje na mzunguko, ikisukuma bapa kubana belti. Injini ikiwa na nguvu zaidi na uzito uleule, inazidi mzunguko wake mzuri. Yangu inatoa nguvu zake karibu na mizunguko 8,200 kwa dakika, baada ya seti ikawa inakimbilia 8,500, kelele kubwa, mwendo hauongezeki, na unajiuliza hela imeenda wapi. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa na seti kabisa. Nikatoa mikono ya gramu 64 nikaweka ya 68, springi na helksi (kipande chenye mteremko kwenye klachi ya nyuma) nikaacha zilezile, mzunguko ukashuka ukakaa 8,150 mpaka 8,200 kwenye kupanda, na hapo ndo mashine ikawa mashine nyingine. Namaanisha hivyo. Kidole gumba kikibonyeza tu inanyanyua ski, treki inakamata, haisubiri. Belti nayo imepoa, zamani nikisimama nikaigusa ilikuwa inachoma, sasa naishika.

Nguvu inayoongezeka iko wapi? Katikati. Kasi ya juu sijaona tofauti ya maana na sikuitafuta, mlimani kasi ya juu ina kazi gani. Tofauti ni pale umeingia kwenye theluji laini ya kina, unakata mlima kwa upande, umepunguza mafuta ili uzunguke mti, halafu unahitaji mashine ikuitikie sasa hivi. Kabla, ilikuwa inavuta pumzi kwanza na treki inachimba shimo. Sasa inatoka. Sehemu mbili nilizokuwa nakwama kila mwaka msimu huu nimepita zote, moja mara ya kwanza, nyingine nilirudi mara tatu mpaka nikaielewa. Kwa mimi hiyo peke yake imelipa kazi yote.

Ubaya wake: inakula mafuta, tangi linaisha mapema na oili pia, kwa hiyo nabeba dumu la ziada siku ndefu. Mtikiso umeongezeka kidogo kwenye usukani ikiwa haina mzigo. Na ile nafasi ya 0.13 niliyoisema: asubuhi pistoni za kufuliwa zinagonga kidogo ndani ya silinda mpaka zipate joto, sauti ya kavu kama kokoto kwenye kopo, usiogope, lakini pia usiondoke. Subiri. Injini ya baridi ukiivuta mwisho pistoni inatanuka haraka kuliko silinda, inajamu, na hilo si kosa la aliyetengeneza. Mi nasubiri kulanti ifike nyuzi 45, halafu naenda taratibu dakika kadhaa kabla sijapanda chochote. Wenzangu wameshazoea, wanavaa glovu mimi naangalia geji.

Na hapa niseme kitu nje ya vyuma. Mashine ikiwa na nguvu inakufikisha kwenye miteremko ambayo zamani ilikukatalia, na miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45 ndo hasa inayoporomosha theluji. Kabla hujanunua seti ya nguvu hakikisha unacho kifaa cha mawimbi cha kutafutana mwilini siyo kwenye mkoba, fimbo ya kuchomea theluji, koleo, na umefanya mazoezi navyo na hao unaotembea nao. Mtu mmoja mlimani kwa wakati, wengine wasimame pembeni mahali salama wakimwangalia. Mwenzako akikwama usipande kumfuata ukageuza mashine juu yake. Nimefunga kwa mikono yangu kitu kinachonipandisha juu zaidi, kwa hiyo naona nina wajibu wa kulisema hili hapahapa.

Nyota: vyuma vyenyewe nyota tano, siwezi kupunguza, uchongaji ule ni wa heshima. Ukaguzi wao kabla ya kufunga boksi nyota mbili, ringi mbili, valvu moja na ukingo mmoja wa tundu ni vitu vinne ambavyo mtu mwenye fila geji na dakika ishirini angevikamata. Karatasi ya maelezo nyota mbili. Huduma baada ya kulalamika nyota nne, ingekuwa tano wangesikiliza barua ya kwanza. Anayefunga kwa mara ya kwanza akiwa peke yake bila maikromita mi namshauri apeleke kwa fundi anayejua injini za mipigo miwili na amwambie waziwazi, usifunge kabla hujanionyesha vipimo vimeandikwa.

Jana nimetoa valvu za ekzosi na plagi kabla sijaifunika mashine mpaka theluji irudi. Nimeingiza kamera, mistari ya kuhoni bado inaonekana pande zote mbili, ringi zinarudi zikibonyezwa kwa kijiti kupitia tundu la ekzosi, maana yake hazijagandishwa na masizi, na ule ukingo nilioupitishia jiwe hauna alama yoyote. Kompresheni kushoto na kulia ziko sawa. Nimemwaga oili kidogo kila silinda, nimezungusha kranki kwa mkono mara chache, nimeziba ekzosi kwa kitambaa panya wasiingie.